Mfahamu Dk. René Favaloro, daktari wa kijijini aliyeupatia moyo njia ya mchepuko

Leo siasa na mpira naviweka pembeni kidogo. Juzi hapa kijiweni kwetu kulizuka ubishi mkali. Mzee mmoja wa mtaani alifanyiwa upasuaji wa moyo, ile kitu inaitwa baipasi, basi kila mtu akageuka daktari. Mmoja anasema mzee alitolewa moyo ukasafishwa ukarudishwa. Mwingine anasema alipachikwa bomba la plastiki. Wa tatu akasema kabisa kwamba mzee ana moyo wa mtu mwingine, na ndio maana siku hizi haongei sana! Mimi nilikaa kimya, maana na mimi nilikuwa sijui kitu. Nikaenda kutafuta, na kutafuta kwenyewe kukanifikisha kwa mtu ambaye shuleni sikuwahi kumsikia hata siku moja: Dk. René Favaloro wa Argentina. Nimesoma habari zake siku tatu mfululizo, hela ya kafe imeniishia, ila sijutii.

Argentina sisi tunaijua kwa Maradona na Messi, basi. Na huyu Favaloro naye alikuwa mtu wa mpira, tena mpenzi wa damu, timu yake ni Gimnasia y Esgrima ya mji wa La Plata. Ni timu ambayo miaka mingi imekaa bila ubingwa, kwa hiyo mzee alijua maana ya kuvumilia. Alizaliwa hukohuko La Plata tarehe 12 Julai 1923, kwenye mtaa unaoitwa El Mondongo, mtaa wa wafanyakazi na wahamiaji. Ukoo wake ulitokea Sicily, kule Italia. Baba yake alikuwa fundi seremala, mama yake fundi cherehani. Kariri hayo mawili, randa na sindano, tutayarudia mbele.

Kijana alisoma kwa bidii, akaingia Chuo Kikuu cha La Plata kusomea udaktari. Wanaomfahamu wanasema hata zamu yake ikiisha alikuwa haondoki, anabaki hospitali kuangalia mgonjwa aliyepasuliwa asubuhi anaendeleaje jioni. Kuna profesa mmoja wa upasuaji anaitwa Federico Christmann ambaye alimfundisha kitu kimoja kikubwa: upasuaji mzuri ni ule uliorahisishwa, hatua chache, kila hatua inaeleweka. Mtoto wa seremala hilo lilimwingia haraka sana. Wakati wa likizo alikuwa anafanya kazi kwenye karakana ya baba yake, anajua kabisa kwamba mbao ukiipima vibaya hakuna gundi itakayokuokoa.

Alimaliza chuo mwaka 1949. Sasa hapo ndipo mambo yakabadilika. Ilitokea nafasi ya kazi kwenye hospitali kubwa ya La Plata, aliyokuwa anaiota miaka yote. Enzi hizo Argentina ilikuwa chini ya Rais Juan Perón. Favaloro akapewa fomu ajaze, na kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya kukiri kwamba anaunga mkono itikadi ya serikali. Ukisaini, kazi yako. Usiposaini, kwaheri. Hakusaini.

Jamani, wangapi kati yetu wangeacha kazi ya ndoto kwa ajili ya saini moja? Mimi mwenyewe sijui. Nimeshajaza fomu nyingi za ajira na nyingine nilisaini hata bila kusoma.

Bila kazi, bila mpango, ikaja barua kutoka kwa mjomba wake aliyekuwa anaishi mbali, kwenye kijimji kinaitwa Jacinto Aráuz, jimbo la La Pampa. Ni nyika tupu. Upepo, vumbi, ukame, wakulima na vibarua wa mashambani. Daktari pekee wa pale alikuwa anaumwa na anatakiwa kwenda kutibiwa mjini Buenos Aires. Mjomba anaomba: njoo umshikie nafasi miezi miwili mitatu hivi. Favaloro alifika Mei 1950 akiwa na umri wa miaka 26. Yule daktari mgonjwa hakupona, alifariki. Na ile miezi miwili mitatu ikawa miaka 12.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu waandishi wengi wanaipita hii miaka 12 haraka haraka wakimbilie Marekani. Kwa mawazo yangu mimi, bila Jacinto Aráuz usingemwelewa huyu mtu hata kidogo.

Alifika akakuta hakuna chumba cha upasuaji cha maana, hakuna eksirei, hakuna maabara. Watoto wachanga wanakufa kwa kuharisha na njaa, akina mama wanapata maambukizi wakati wa kujifungua. Mwaka 1951 alimwoa María Antonia Delgado, mpenzi wake wa tangu shule, akahamia naye kule nyikani. Baadaye mdogo wake, Juan José, naye daktari, akaja wakaungana. Hawa ndugu wawili wakaanzisha zahanati yao, wakaweka chumba cha upasuaji, wakapata mashine ya eksirei. Walikaa na wakunga wa kijijini wakawafundisha usafi, walikuwa wanafanya mikutano na walimu na wazazi kueleza mambo ya chakula na maji. Vifo vya watoto wachanga vilishuka sana.

Kisha kuna hii ya damu, ambayo mimi ndiyo imenifurahisha kuliko zote. Benki ya damu haikuwepo, na friji ya kutunzia damu ni hadithi. Wakafanyaje? Waliwapima wananchi kundi la damu, wakaandika majina. Akija mgonjwa anayetakiwa kupasuliwa, watu wa kundi lake wanaitwa, wanakuja kutoa damu palepale. Yaani kijiji kizima kikawa benki ya damu inayotembea kwa miguu! Hakuna bajeti, hakuna semina elekezi, hakuna posho. Daftari na watu wanaoaminiana.

Miaka ikaenda. Favaloro alikuwa anasoma majarida ya udaktari usiku, na kila likizo anarudi La Plata kujinoa. Kwenye yale majarida alianza kuona upasuaji wa moyo unapiga hatua huko nje. Profesa wake mwingine, José María Mainetti, akamshauri aende Cleveland, Marekani. Mwaka 1962 akafunga mizigo. Ana miaka 38, Kiingereza chake cha kuokoteza, cheti chake hakitambuliki kule. Alianzia chini kabisa. Anafanya kazi bila kuruhusiwa kisheria kuwa daktari kamili, anasukuma machela, anasaidia mashine, anafanya chochote anachopewa, huku anasomea mtihani wa kumruhusu kufanya kazi. Akafaulu. Mkuu wa upasuaji wa moyo pale Cleveland Clinic alikuwa Dk. Donald Effler, ndiye aliyempokea.

Sasa kabla hatujaenda mbele, turudi darasani kidogo. Shule ya msingi tulifundishwa kwamba ateri zinatoa damu kwenye moyo na vena zinairudisha. Kitu ambacho mimi sikukumbuka ni kwamba moyo wenyewe, pamoja na kujaa damu muda wote, haulishwi na ile damu iliyo ndani yake. Ni kama dereva wa lori la chakula, hawezi kula shehena, lazima apewe sahani yake. Sahani ya moyo inaletwa na mishipa miwili midogo inayoitwa ateri za koronari, inayochomoza pale mwanzo wa mshipa mkuu wa mwili, aota. Mmoja unaenda kulia, mmoja kushoto. Ule wa kushoto unaanza na shina fupi sana, halafu unagawanyika matawi mawili makubwa. Mafuta na uchafu vikijijenga ndani ya mishipa hii, njia inakuwa nyembamba. Mtu akipanda ngazi kifua kinabana. Njia ikiziba ghafla, sehemu ya nyama ya moyo inakufa, ndio huo mshtuko wa moyo. Na ukisikia tatizo liko kwenye lile shina la kushoto, ujue ni hatari kweli kweli, kwa sababu hapo ndipo inapopita damu karibu yote ya upande wa kushoto wa moyo, upande unaosukuma damu mwili mzima.

Zamani madaktari walikuwa hawawezi hata kuona mishipa hii kwa mtu aliye hai. Kuona kulianza kwa bahati mbaya, tena hapohapo Cleveland. Mwezi Oktoba 1958 Dk. Mason Sones alikuwa anapiga picha ya moyo wa mgonjwa kwa kutumia mpira mwembamba ulioingizwa kupitia mshipa wa mkono. Ule mpira ukateleza ukaingia kwenye koronari ya kulia, rangi ya kupigia picha ikamwagika humo. Sones alidhani amemuua mtu. Moyo ulisimama kwa sekunde kadhaa, akamwambia mgonjwa akohoe, akakohoa, moyo ukaendelea na kazi. Lakini kwenye filamu mishipa ilikuwa imeonekana vizuri kuliko ilivyowahi kuonekana. Kuanzia hapo Sones akaanza kupiga picha hizo kwa makusudi, akajaza kabati la filamu.

Favaloro akawa mteja wa lile kabati. Akimaliza kazi ya siku kwenye chumba cha upasuaji, anaenda kukaa na Sones, wanaangalia filamu za mishipa ya wagonjwa, moja baada ya nyingine, hadi usiku. Akaanza kugundua jambo: mara nyingi mshipa unakuwa umeziba kipande kifupi tu karibu na mwanzo wake, na mbele ya pale palipoziba ni mzima kabisa. Yaani barabara ni nzuri, tatizo ni daraja moja limevunjika.

Madaktari wa wakati huo walikuwa wanajaribu mbinu mbalimbali. Kulikuwa na ya Dk. Vineberg wa Canada, kuchukua ateri ya kifuani na kuizika ndani ya nyama ya moyo ukisubiri ichipue mizizi. Ilisaidia baadhi ya watu lakini inachukua muda. Nyingine ni kupasua mshipa pale palipobana na kushonea kiraka ili upanuke. Kwenye lile shina la kushoto kiraka kilikuwa kinaua wengi.

Mtoto wa seremala na fundi cherehani akawaza tofauti. Wenzake pale hospitalini, wanaopasua figo, walikuwa wanatumia kipande cha vena ya mguuni kuunganisha mishipa ya figo iliyobana. Ni ile vena ndefu inayopita upande wa ndani wa mguu kutoka kwenye kifundo hadi pajani. Ukiitoa, mguu unaendelea na maisha, kuna vena nyingine zinafanya kazi. Sasa kama inafaa kwa figo, kwa nini isifae kwa moyo?

Tarehe 9 Mei 1967 alimpasua mama mmoja wa miaka 51. Koronari yake ya kulia ilikuwa imeziba kabisa. Favaloro alikata vena ya mguuni ya huyohuyo mama, akaiunganisha kwenye mshipa wa moyo ikachukua nafasi ya kile kipande kilichoziba. Siku chache baadaye Sones akampiga picha, damu inapita safi. Kisha mbinu ikarahisishwa zaidi, kama alivyofundishwa na Christmann: hakuna haja ya kugusa pale palipoziba. Unashona ncha moja ya vena kwenye aota, ncha nyingine unaishona kwenye mshipa wa moyo mbele ya kizuizi. Damu inapita pembeni. Ni kama ile barabara ya mchepuko wanayochonga wakati daraja linatengenezwa (mchepuko wa barabara wadau, sio ule mwingine mnaoufikiria nyie!). Na moyo ukiwa umesimamishwa kwa muda, kuna mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu mpaka wamalize kushona.

Kwa hiyo jibu la ubishi wa kijiweni ndio hilo. Hakuna moyo wa mtu mwingine, hakuna bomba la plastiki. Ni mshipa wako mwenyewe umehamishwa kutoka mguuni kwenda kifuani.

Mwaka 1968 walishaanza kufanya hivyo hata kwa upande wa kushoto, pamoja na wale wenye shina lililobana ambao kabla ya hapo walikuwa wanahesabiwa siku. Kufikia katikati ya mwaka 1970 timu ya Cleveland ilikuwa imeshapasua wagonjwa zaidi ya 1,000 kwa njia hii. Mwaka huohuo Favaloro akatoa kitabu cha kueleza mbinu yenyewe hatua kwa hatua, hakuficha kitu.

Sio wote waliopiga makofi. Madaktari wakubwa wa dawa walikuwa wanauliza: sawa, maumivu ya kifua yamepungua, lakini je, mtu anaishi muda mrefu zaidi? Swali la haki kabisa hilo. Jibu kwa wale wenye shina lililobana lilikuja miaka ya 1970 kwenye hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, ambako wagonjwa waligawanywa kwa kura, wengine wakapasuliwa wengine wakapewa dawa tu. Waliopasuliwa walibaki hai wengi zaidi. Hapo ubishi wa shina la kushoto ukaisha, ingawa kwa wenye kizuizi kidogo sehemu nyingine uliendelea miaka mingi.

Niwe mkweli pia, maana najua kuna wajuaji watanirukia: Favaloro hakuwa wa kwanza duniani kuunganisha mshipa kwenye moyo. Robert Goetz alishafanya New York mwaka 1960. Vasilii Kolesov alifanya Leningrad, Urusi ya Kisovieti, mwaka 1964 kwa kutumia ateri ya kifuani. Timu ya Michael DeBakey kule Houston nao walifanya 1964 lakini hawakutangaza hadi 1973. Tofauti ya Favaloro ni kwamba aliifanya ikawa kazi ya kila siku, akaonyesha picha za kabla na baada, akaandika, akafundisha yeyote aliyetaka. Na yeye mwenyewe hakupenda kuitwa mvumbuzi. Maisha yake yote akiongelea kazi hii alitaja timu, alimtaja Sones, alimtaja Effler, neno mimi alilikwepa. Isitoshe Kolesov naye alikuja kupata haki yake, kwa sababu mwaka 1986 madaktari wa Cleveland hiyohiyo walionyesha kwamba ateri ya kifuani inadumu kuliko vena ya mguuni, na leo wapasuaji wengi wanatumia zote mbili.

Sasa fikiria. Mwaka 1970, una miaka 47, dunia nzima inakujua, Marekani wako tayari kukulipa unachotaka. Ungefanya nini? Favaloro aliandika barua ya kuacha kazi akampelekea Effler. Alieleza kwamba kwao Argentina wenye hela wanasafiri kwenda kutibiwa nje na wasio na hela wanakufa, na kwamba yeye anataka kujenga nyumbani kitu kama cha Cleveland. Mwaka 1971 akarudi.

Hii inatuhusu na sisi, maana hapa Tanzania kwa miaka mingi mgonjwa wa moyo alikuwa anasubiri safari ya India, anayo bahati anaenda, hana bahati anasubiri mpaka basi. Upasuaji wa moyo Muhimbili ulianza mwaka 2008 na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikafuata 2015. Favaloro alikuwa anapigania kitu cha namna hiyo kwao miaka zaidi ya 30 kabla.

Alianzia hospitali ya binafsi ya Güemes mjini Buenos Aires. Mwaka 1975 akaanzisha Mfuko wa Favaloro, taasisi isiyo ya faida, kwa ajili ya tiba, utafiti na kufundisha. Walipita pale zaidi ya madaktari 400 kutoka Argentina na nchi nyingine za Amerika ya Kusini, wakarudi makwao na ujuzi. Katikati ya hayo nchi ikaingia utawala wa kijeshi, 1976 hadi 1983, watu wakawa wanatekwa na kupotea. Demokrasia iliporudi aliteuliwa kwenye tume ya kuchunguza waliopotea, lakini akajiuzulu, kwa sababu tume haikupewa ruhusa ya kuchunguza mauaji yaliyofanyika kabla ya wanajeshi kuchukua nchi. Mnaona? Ni yuleyule wa fomu ya 1949. Mambo ya nusu nusu hayawezi. Alipata muda pia wa kuandika vitabu kuhusu San Martín, mkombozi wa nchi yao, na kimoja kuhusu maisha yake ya udaktari wa kijijini. Vyama vya siasa vilimfuata vikitaka agombee, akakataa.

Mwaka 1992 akafungua taasisi yake kubwa ya moyo Buenos Aires, jengo la kisasa na vifaa vya hali ya juu. Masharti yake yaleyale ya Jacinto Aráuz: mgonjwa asirudishwe kwa sababu hana hela. Atibiwe kwanza.

Na hapa ndipo penye kidonda cha hadithi hii.

Hospitali inahitaji hela. Wagonjwa wengi wa pale walikuwa wanalipiwa na mifuko ya bima ya wafanyakazi na bima ya serikali ya wastaafu. Mgonjwa anapasuliwa leo, bili inatumwa, malipo hayaji. Mwezi, miezi, mwaka. Isitoshe kulikuwa na mchezo mchafu wa kamisheni: daktari wa nje anakutumia mgonjwa, na wewe unatakiwa umrudishie kitu kidogo kwenye bahasha. Favaloro aligoma kutoa bahasha. Basi wagonjwa wenye bima nzuri wakawa wanapelekwa kwingine, na wasio na kitu wanakuja kwake. Kufikia mwaka 2000 Argentina ilikuwa kwenye mdororo wa uchumi, na Mfuko ulikuwa na madeni ya kama dola milioni 18, huku wenyewe unadai mamilioni ambayo hayalipwi. Washauri walimwambia apunguze wafanyakazi kwa mamia. Alikuwa anatembea ofisi hadi ofisi kuomba haki yake kama mtu anayeomba msaada. Mke wake, María Antonia, alikuwa ameshafariki mwaka 1998. Alimwandikia Rais Fernando de la Rúa kuomba aingilie kati. Msaada haukufika kwa wakati.

Tarehe 29 Julai 2000, akiwa na miaka 77, Favaloro alijiua nyumbani kwake Buenos Aires. Aliacha barua kadhaa zinazoeleza uchovu wake na ule mfumo wa bahasha.

Naandika hili kwa uzito, sio kwa kulipamba. Nimeona watu wanaandika kifo chake kama ushujaa, mimi sikubaliani. Kwangu mimi ni msiba na ni hasara, na mtu yeyote anayesoma hapa akiwa amelemewa namna hiyo, tafadhali mwambie mtu wa karibu leo hii, nenda hospitali, usikae nayo peke yako. Mzee alibeba deni la taasisi kama deni la roho yake. Hasira yangu iko kwa waliokuwa na bili mezani na hawakulipa, halafu wakawa wa kwanza kutoa salamu za rambirambi.

Kwa sababu baada ya kifo nchi nzima ilishtuka. Magazeti, redio, mitaani, kila mtu analia. Taasisi yake haikufa, ipo mpaka leo, na kuna chuo kikuu chenye jina lake. Tarehe 12 Julai 2019, siku ambayo angetimiza miaka 96, Google waliweka picha yake kwenye ukurasa wao wa mwanzo. Mimi siku hiyo nadhani niliipita tu nikienda kutafuta matokeo ya mpira.

Tiba yenyewe nayo imepata washindani. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig alifanikiwa kupanua mshipa wa moyo kwa kiputo kule Zürich, Uswisi, bila kupasua kifua. Baadaye vikaja vile vijineti vya chuma vinavyoachwa ndani ya mshipa kuushikilia. Wagonjwa wengi siku hizi wanamalizana hapo. Ila mwenye mishipa mingi iliyobana, au shina la kushoto likiwa kwenye hali mbaya, mara nyingi bado madaktari wanarudi kwenye mchepuko wa Favaloro. Nani apate kipi, hilo muulize daktari wako, mimi ni muuza maneno tu.

Nimalizie na yule mzee wa mtaani. Nilienda kumsalimia, nikampa shikamoo yake, nikamuuliza kama naweza kuona. Akakunja suruali akanionyesha mguu. Kuna kovu refu jembamba, linaanzia juu ya kifundo linapanda upande wa ndani hadi karibu na goti. Nikamsimulia habari za Favaloro, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza huyo daktari alizikwa wapi. Nikamwambia hakuzikwa Buenos Aires wala Cleveland. Aliacha maelekezo kwamba achomwe, na majivu yake yakamwagwe kule nyikani, Jacinto Aráuz.

Naomba kuwasilisha.